Wenzake farasi-bahari: namna ya kuchagua samaki wadogo wa kukaa naye tangi moja, hapa Mombasa

Maswali ya wanaoanza kufuga farasi-bahari ni yale yale. "Nimepata jozi, sasa niwatilie samaki gani wa rangi?" "Yule wa machungwa mwenye mikanda myeupe anafaa?" "Mbona wangu amekonda na chakula natia kila siku?" Hilo la tatu ndilo linaloniuma, maana mara nyingi jibu lake linaogelea humo humo tangini: ni mwenzake, aliyenunuliwa kwa uzuri wa rangi zake bila mtu kuuliza anakulaje. Basi nimekusanya majibu yote mahali pamoja, kwa mtu wa Mombasa, mwenye joto la Mombasa na stima inayopotea bila taarifa.

Shika jambo moja kabla hatujaanza. Mwenza wa farasi-bahari huchaguliwa kwanza kwa mwendo wake wa kula, ndipo uulize kama ni mkali au mpole. Samaki mpole kabisa, asiyemgusa mwenzake hata kwa pezi, anaweza kumuua farasi-bahari kwa njaa.

Sababu ni maumbile yake. Farasi-bahari hana meno na hana tumbo la kuweka akiba, kwa hiyo chakula humpita upesi na inambidi ale mara kwa mara. Kuogelea kwake ni kwa pezi dogo la mgongoni, hawezi kufukuzana na mtu. Mtazame anapokula. Uduvi mmoja unashuka taratibu mbele yake. Anauangalia kwa jicho moja, halafu kwa la pili, kwani macho yake huzunguka kila moja kivyake. Anajisogeza, mkia ungali umeshika kijiti, anainamisha shingo na kusita. Kisha kichwa kinaruka ghafla, unasikia "tik" kupitia kioo, na uduvi umekwisha kufyonzwa. Tangu alipouona hadi alipoumeza, samaki mwenye mbio amekwisha kula watano na anamrudia wa sita palepale puani pake.

Kabla ya kuanza: sheria

Farasi-bahari wote, yaani jenasi nzima ya Hippocampus, wamo katika Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, na ulinzi huo ulianza kutumika mwaka 2004. Ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Bahari ya Mombasa, ile iliyo mbele ya fuo za Nyali na Bamburi, hakuna kuvua wala kuokota kiumbe chochote. Kukusanya samaki wa mapambo kibiashara kwahitaji leseni. Kwa hiyo usimwambie kijana wa mashua akuzamie chini akuletee. Uliza kwanza ofisi ya Shirika la Huduma za Wanyamapori (KWS) na ile ya uvuvi, nunua kwa mtu mwenye karatasi, na ukiweza kumpata aliyezaliwa tangini mchukue huyo. Wa tangini amezoea chakula cha barafu. Wa baharini mara nyingi hutaka kilicho hai, na huja na wadudu wake.

Vitu vya kuwa navyo

- Tangi refu la kwenda juu. Kina cha maji kiwe angalau sentimita 45, au mara tatu ya urefu wa farasi-bahari wako, lolote lililo kubwa. Kwa jozi moja anzia lita 120.
- Tangi la pili la karantini, lita 40 zatosha, likiwa na filta yake, wavu wake na ndoo yake.
- Mashine ya kupoza maji. Hapa ndipo wengi wanapojidanganya, nitarudi.
- Kipimajoto, rifraktomita ya kupimia chumvi, na vipimo vya amonia, naitraiti na naitreti, yaani vile vitokavyo kwenye taka ya samaki.
- Sponji ya kuziba mdomo wa kila pampu. Mkia wa farasi-bahari hushika chochote, na pampu isiyozibwa humvuta.
- Vishikio: gorgonia (tumbawe laini la matawi), mwani, mimea ya plastiki isiyo na ncha kali. Viwe vingi kuliko samaki.
- Kifuniko cha wavu laini.
- Uduvi wa mysis waliogandishwa, kombe la kulishia na bomba refu la kuteremshia chakula.
- Pampu ya hewa ya betri, betri ikiwa imejaa.

Turudi kwenye joto. Farasi-bahari wa tangini hukaa vizuri kwenye nyuzi 22 hadi 24. Maji yakipanda juu ya 26 bakteria, hasa wa jamii ya Vibrio, hushamiri, na farasi-bahari ni mwepesi kushambuliwa. Wakati wa kaskazi chumba cha kawaida hapa Mombasa hupita nyuzi 30. Watu huniambia, "Lakini si wako baharini hapa hapa, na bahari yetu ni moto?" Ni kweli wapo, lakini baharini maji hayana mwisho na taka haikai. Tangini taka yote imo ndani ya lita 120, na joto huifanya iwe sumu. Feni ya kupuliza uso wa maji husaidia kidogo, ila unyevu wa hewa yetu huipunguzia nguvu, na maji hupungua haraka mpaka chumvi ikazidi. Ikiwa huwezi kununua mashine ya kupoza, bado hujawa tayari kufuga farasi-bahari, na hilo nakuambia kwa nia njema. Lenga nyuzi 24. Hapo farasi-bahari yuko salama na samaki wadogo wa matumbawe hawateseki.

Hatua ya 1: Tangi likomae

Jaza maji, weka mawe, washa filta, ulee bakteria wa filta, wale wazuri wanaokula amonia ya taka, kwa wiki 6 au zaidi. Amonia iwe sifuri, naitraiti sifuri, naitreti chini ya miligramu 20 kwa lita.

Ukitumia maji ya bahari, yachote wakati maji yamejaa, upande wa bahari wazi. Usichote ndani ya Tudor wala Kilindini, na usichote siku za mvua kubwa za masika, maana mito na mitaro yote huishia huko. Ya kujazia yanapopungua kwa jua na feni yawe maji yasiyo na chumvi, yaliyochujwa, kama yale ya maduka ya maji ya kunywa. Visima vingi vya kisiwani vina chumvi, na maji ya mfereji yana klorini.

Hatua ya 2: Farasi-bahari atangulie

Huyu ndiye mwenye nyumba. Samaki wengi huchagua pembe na kuilinda. Ukiwatanguliza wao, farasi-bahari ataingia kama mvamizi. Watie farasi-bahari kwanza, wakae peke yao mwezi mzima.

Mwezi huo usiupoteze, wafundishe kombe. Weka kombe au ganda la chaza mahali pamoja pasipo mkondo mkali, karibu na kishikio kizuri. Zima pampu ya mkondo, yeyusha uduvi, uwateremshe kwa bomba mpaka ndani ya kombe. Saa zile zile kila siku, mara 2 au 3. Baada ya siku chache utawaona wanasogea wakiona bomba. Usiende hatua ya tatu kabla hawajafika hapo, maana kombe ndilo litakalowaokoa farasi-bahari siku wageni wakifika.

Swali jingine la kila siku: uduvi wakavu wa Marikiti au Kongowea wanafaa? Hawafai. Wamejaa chumvi, wamekauka, na farasi-bahari hawatambui kuwa ni chakula. Artemia, wale wadogo wanaoishi kwenye mashamba ya chumvi huko kaskazini ya Malindi, ni wazuri kwa kumchokoza asiyetaka kula. Lakini Artemia mzima hana lishe ya kutosha akiwa ndiye chakula pekee, mpaka kwanza alishwe virutubisho.

Hatua ya 3: Mpime kila samaki kabla ya kulipa

Simama mbele ya tangi la muuzaji, umwombe awalishe mbele yako. Akikataa, rudi siku nyingine. Unapotazama, jiulize:

Anakulaje? Akikimbilia chakula juu kabla hakijazama, muache. Anayesubiri kijacho mbele yake ndiye.

Mdomo wake ukoje? Mdomo wa kunyofoa, kama wa bunju au kikande, hunyofoa mapezi na mkia. Mdomo mpana humeza watoto wa farasi-bahari.

Ana tabia gani na wenzake? Anayewafukuza pale dukani hatabadilika kwako.

Atafika ukubwa gani? Si leo, akikomaa. Mimi sipiti sentimita 10.

Kama hujui jina lake la kisayansi, usinunue. Majina ya dukani huchanganya samaki watatu wasiofanana, na muuzaji naye hulitoa jina kama alivyolipokea. Piga picha, nenda ukatafute.

Hatua ya 4: Chagua katika hawa

Gobi ndio ninaowapenda kuliko wote kwa anayeanza. Gobi wa matawi, jenasi ya Gobiodon, wapo mpaka bahari yetu hii, wana ukubwa wa kidole gumba, na kutwa hukaa juu ya tawi wakitazama. Hawana mbio. Ute wa ngozi yao ni mchungu, kwa hiyo wakubwa huwaacha. Gobi neoni, Elacatinus oceanops, asili yake ni Florida na Karibi, na sehemu kubwa ya wanaouzwa wamezalishwa tangini. Ana mstari wa buluu unaong'aa, huchukua vipande vidogo vya chakula na hamsumbui mtu. Wakati mwingine humparamia farasi-bahari kumsafisha. Ukiona farasi-bahari anajikunyata kila akifuatwa, mtoe. Gobi wa mashimo, Amblyeleotris, naye ni mzuri kama una mchanga. Ila usimletee yule kamba wa kufyatua anayeishi naye shimo moja.

Samaki wa mshale mwekundu, Nemateleotris magnifica, ana mwili mweupe mbele, mwekundu nyuma, na pezi refu la mgongoni analolipeperusha. Anapatikana tangu Afrika Mashariki hadi Pasifiki. Ni mwoga kiasi kwamba hawezi kumdhulumu farasi-bahari hata akitaka. Mambo mawili lakini: huruka nje ya tangi akishtuka, kwa hiyo kifuniko si hiari, na wawili wasiokuwa jozi hupigana mpaka mmoja afe. Chukua mmoja.

Kadinali hukaa wametulia majini, mapezi yakicheza kidogo tu, na wengi huamka zaidi jioni. Sphaeramia orbicularis, kadinali wa mikoko, anaishi pwani yetu kwenye maji ya kivuli penye mizizi ya mikoko. Kadinali wa Banggai, Pterapogon kauderni, anatoka visiwa vya Banggai huko Indonesia na yumo hatarini kutoweka porini, kwa hiyo mchukue aliyezalishwa tangini au usimchukue kabisa. Madume yake hugombana, basi mmoja, au jozi iliyokwisha kuungana. Kadinali wote wana midomo mipana. Kama nia yako ni kulea watoto wa farasi-bahari, waruke.

Bleni wadogo wa jenasi ya Ecsenius nawataja kwa shingo upande. Baadhi yao hukaa miezi bila neno, kisha wakizoea pango lao wakaanza kumpiga kichwa kila apitaye. Waweke wa mwisho kwenye orodha.

Wengi hutamani mandarini, Synchiropus splendidus, na nawaelewa, hakuna samaki mzuri kumshinda. Hana ubaya na farasi-bahari hata kidogo. Tatizo ni kwamba hula viduduchu hai vya kwenye mawe siku nzima, na farasi-bahari huvila hivyo hivyo. Katika tangi changa la lita 120 wataisha wote wawili. Subiri tangi lifike mwaka, liwe na mawe mengi.

Idadi: kwa lita 120 zenye jozi ya farasi-bahari, samaki wadogo 2. Najua utaona tangi ni tupu. Liache hivyo.

Hatua ya 5: Hawa wakatae hata ukipewa bure

Samaki wa anemoni, jamii ya yule wa machungwa wa swali la mwanzo. Hapa kwetu wapo Amphiprion allardi na Amphiprion akallopisos, na wa kutoka Asia huuzwa pia. Wakishapata pembe yao hawataki mtu karibu. Wakija na anemoni, hatari inakuwa mbili: anemoni huchoma, na farasi-bahari haijui, ataushika mkono wake kwa mkia kama anavyoshika kijiti.

Wale wadogo weusi wa madoa matatu meupe, Dascyllus trimaculatus, na ndugu zao wenye milia. Huuzwa rahisi, ni wagumu kufa, ndiyo maana humaliza tangi zima.

Kangaja, kwa mbio na ukubwa. Kikande na bunju, pamoja na bunju wadogo wa Canthigaster wanaoonekana wapole, kwa kunyofoa. Samaki kipepeo, kwa sababu hudonoa. Mkunga, pweza na samaki wenye miiba ya sumu, kwa sababu farasi-bahari ni chakula chao.

Msafishaji wa miamba, Labroides dimidiatus, yule mwembamba mwenye mstari mweusi. Watu hudhani atawatoa wadudu. Humdonoa farasi-bahari kutwa, na farasi-bahari hawezi kumkimbia.

Ndugu zake wembamba mithili ya sindano, wa familia hiyo hiyo ya Syngnathidae, hula kwa mwendo uleule na kwa macho ndio wangefaa kuliko wote. Lakini wengi hutoka baharini, na ugonjwa wa mmoja humwingia mwenzake kwa urahisi kwa kuwa ni damu moja. Anayeanza asijaribu.

Hatua ya 6: Wasafishaji

Hawa nawataka kabla ya samaki wa rangi. Farasi-bahari huacha mabaki mengi, na mabaki ndiyo amonia ya kesho. Konokono wa Nassarius hutoka mchangani wakinusa chakula na kumaliza kilichoanguka. Turbo na Cerithium hula mwani. Kamba msafishaji mwekundu mwenye mstari mweupe mgongoni, Lysmata amboinensis, ni mwenza mzuri, ila hujifunza kupora kwenye kombe. Mlishe kwanza upande wa pili. Kamba mwenye mikanda myekundu na myeupe na makoleo marefu, Stenopus hispidus, usimtie, huweza kumkamata farasi-bahari usiku. Kaa, wa aina yoyote, hapana.

Onyo kwa wanaopenda kuokota ufuoni: achana kabisa na konokono wa umbo la pia, jenasi ya Conus. Wana mshale wa sumu, na Conus geographus anayepatikana katika Bahari ya Hindi ameua watu. Hata ganda linaloonekana tupu usilishike kwa mkono.

Hatua ya 7: Karantini

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Tangini, mgeni aliyeruka karantini huja mwenyeji akaugua. Kila samaki mpya akae tangi la pili kwa wiki 6. Ni muda mrefu, naam, lakini wadudu wa madoa meupe, Cryptocaryon, hujifunga kwenye mawe na mchanga kwa wiki kadhaa na kutoka tena ukidhani yamekwisha.

Wavu, ndoo na mpira wa kunyonyea maji wa karantini visiguse tangi kubwa. Ukilazimika kutibu, tibu humo humo. Dawa ya shaba haiingii tangi kubwa hata tone: huua kamba na konokono wote, na hukaa ndani ya mawe.

Tumia wiki hizo kumfundisha mgeni kula taratibu. Mpe kidogo kidogo, upande mmoja wa tangi, saa ile ile utakayomlishia huko aendako.

Hatua ya 8: Kumwingiza

Fanya jioni, baada ya farasi-bahari kula na kushiba. Zima taa ya tangi.

Muweke mgeni kwenye ndoo safi na maji yake, umdondoshee maji ya tangi kubwa kwa mpira mwembamba uliofungwa fundo, matone 2 hadi 4 kwa sekunde, kwa saa nzima. Katika joto letu weka chupa ya maji baridi kando ya ndoo ili isipande. Kisha mkamate kwa kikombe, si kwa wavu, umwache atoke mwenyewe. Maji ya ndoo yamwage nje.

Ingiza mmoja kwa wakati. Wa pili asubiri mwezi.

Hatua ya 9: Kuwalisha pamoja

Hapa ndipo uchaguzi wako unapojulikana kama ulikuwa mzuri. Zima pampu. Mpe mgeni kwanza, upande wa mbali na kombe, chakula kidogo kidogo ili abaki huko. Sekunde chache baadaye teremsha uduvi kwenye kombe. Keti. Usiondoke kwenda kujibu simu. Hesabu uduvi ambao kila farasi-bahari amekula. Akila chini ya alivyokuwa akila akiwa peke yake, na hali hiyo ikaendelea siku 3, mgeni hafai, hata awe mpole vipi.

Baada ya nusu saa nyonya mabaki yote, kisha washa pampu. Usisahau pampu.

Hatua ya 10: Wiki mbili za macho

Angalia asubuhi na usiku kwa tochi hafifu. Kuna samaki ambao mchana ni malaika na usiku hukaa mahali anapolala farasi-bahari wakamfukuza. Weka daftari: joto, nani amekula, nani amejificha wapi. Kabla mgeni hajaingia uwe umeamua pia utampeleka wapi akishindikana, na tangi la karantini liendelee kufanya kazi mpaka wiki hizo ziishe.

Mambo yakienda kombo

*Farasi-bahari amekonda, ubavu umebonyea kati ya mifupa.* Mtenge leo, usingoje kesho. Mlishe peke yake mara 4 kwa siku, na Artemia hai waliolishwa virutubisho kama hataki wa barafu. Kisha tafuta nani alikuwa anamlia riziki yake. Akila vizuri peke yake, tatizo ni mwenza. Asipokula hata peke yake, tatizo ni ugonjwa, na hapo tafuta daktari wa mifugo anayejua samaki.

*Amekuwa mweusi na amejibana pembeni.* Kubadilika rangi si ugonjwa kila mara, ila akiwa mweusi siku nyingi na mkia haujatulia, anasumbuliwa. Kaa mbali kidogo na tangi robo saa, uone nani anamfuata. Mbele ya uso wako mchokozi hutulia.

*Ncha ya mkia ni nyeupe au ina kidonda.* Tazama kwanza sponji za pampu, halafu anemoni au tumbawe linalochoma, halafu samaki anayedonoa. Kidonda hiki huoza upesi kwenye maji ya moto. Shusha joto pole pole mpaka 22 na upeleke picha kwa daktari siku hiyo hiyo.

*Anaelea, mkia juu, hawezi kuzama.* Ni hewa imenasa mwilini au kwenye mfuko wa dume. Hili halitokani na mwenza na halitibiwi kwa kubahatisha.

*Wote wanahema kwa kasi.* Pima joto kabla ya kitu kingine. Stima ikipotea mchana wa Machi, kazi ya kwanza ni pampu ya hewa ya betri, ya pili ni chupa za maji yaliyogandishwa, zikiwa zimefungwa vizuri, ukizitia majini moja moja. Usimwage barafu ndani ya tangi: itapunguza chumvi na kushusha joto ghafla. Na usilishe mpaka filta irudi.

*Mgeni haonekani kabisa.* Mshale mwekundu hujificha hata wiki. Angalia sakafuni nyuma ya tangi, kisha muache atulie.

*Mgeni amemshinda farasi-bahari na lazima atoke.* Ondoa mawe inapobidi, mkamate usiku kwa tochi akiwa amelala, mrudishe karantini, halafu mtafutie mfugaji mwingine au umrudishe kwa muuzaji. Usimpeleke ufuoni kumwachia, hata kama jina lake lapatikana Kenya. Ametoka kwenye maji yenye magonjwa ya samaki wa nchi tatu au nne, na Mombasa nzima inavua humo.

*Dume amezaa na watoto wamejaa juu ya maji.* Mayai hulelewa na dume kwenye mfuko wake, na mzao mmoja waweza kuwa mamia. Kadinali wataanza kuwala dakika hiyo hiyo. Ukitaka kuwalea, wachote kwa kikombe, usiwainue kwa wavu, uwahamishie chombo cha mviringo chenye mkondo mwepesi. Kuanzia hapo watahitaji Artemia waliototolewa upya kila siku, kwa hiyo mayai ya Artemia yawe nyumbani tangu siku unapoona mfuko wa dume umevimba.